Mama Jumatano, Aliyeidai Nchi Isiyo Yake

Tak. Ni uzi ukikatwa kwa meno. Mikasi ilikuwepo nyumbani, tena mitatu, lakini mama yetu alipofika mwisho wa mshono aliinamisha kichwa, akauma, na nyumba nzima ikajua kwamba kuna kitu kimekamilika. Sauti hiyo ndiyo iliyotuamsha utotoni mwetu wote. Tangu Alhamisi iliyopita nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba tunalisikia bomba la uani likidondosha maji, na hakuna anayekumbuka kwenda kulifunga.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli na mkewe. Alikuja duniani kabla ya wakati wake, mdogo kiasi cha kulazwa ndani ya sanduku la spana lililotandikwa blanketi. Bibi alipenda kusimulia kwamba babu alikaa wiki mbili akiazima spana za jirani, kwa kuwa alitoa zake zote nje zikapata kutu na mvua, na hakuthubutu kumsogeza mtoto.

Alianza shule Januari 1957 na kumaliza darasa la nane Desemba 1964. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Kilichomtambulisha ni sauti yake ya kuimbia, ambayo kwa kweli ilikuwa mbaya. Mkaguzi alipotarajiwa kuja, mwalimu wa kwaya alimwita pembeni, akamwomba kwa upole afumbue mdomo pamoja na wenzake bila kutoa sauti. Akaitikia kwa adabu. Siku ya mkaguzi akaimba wimbo mzima, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alipoulizwa, alisema alijaribu kunyamaza, akaona ni sawa na kumdanganya mgeni. Aliadhibiwa, na mpaka uzeeni hakuwahi kusema kwamba alijuta. Baada ya hapo alisoma ushonaji kwa miaka miwili katika chuo cha ufundi cha wasichana, akahitimu mwishoni mwa 1966.

Jumatatu ya tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali kuu, na hapo alikaa mpaka alipostaafu tarehe 31 Agosti 2004. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, cherehani sita za miguu, meza moja ya kukatia, na mvuke uliopenya kutoka dobi, yaani chumba cha kufulia cha jirani. Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza mashuka. Shuka la hospitali huchakaa katikati, pale mgonjwa anapolala. Alilipasua hapo hapo palipochakaa, akazileta kingo nzima zikutane katikati, akaunganisha. Alikuwa akisema kwamba mgonjwa akiusikia mshono mgongoni, basi fundi ameshindwa kazi. Aliwahi kumrudishia msimamizi wake mwenyewe mashuka arobaini yaliyoshonwa haraka haraka, akamwomba alalie moja usiku mmoja tu kisha waongee.

Baba yetu alikuwa fundi wa boila pale dobi. Alianza kwa kuleta koti lililotoka kifungo. Wiki iliyofuata akaja na kifungo kingine, na wiki nyingine tena. Mama alimwambia kwamba kifungo kilichochoka huacha nyuzi zilizofumuka, na hivi vyake vyote vilikatwa kwa wembe. Cha mwisho alikishona kwa uzi wa magodoro, akamwambia akitaka kurudi tena atafute sababu nyingine. Baba akarudi na sababu nyingine. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto wanne. Baba aliendelea kulivaa koti lile hata kola ilipoisha, na kifungo kile hakikutoka.

Mengi mnayoyajua kuhusu marehemu yalianza mwaka 1978, na tungependa yasimuliwe leo kama yalivyokuwa, kwa sababu yamesemwa kwa namna nyingi.

Mwezi Februari mwaka huo meli ya mizigo ilimshusha baharia mgonjwa wa mapafu. Alilazwa wodi namba sita. Mama alikuwa ametumwa huko kushona mapazia mapya ya kutenga vitanda. Yalipaswa kupimwa na kukunjwa pindo papo hapo, kwa mkono, na kiti chake kiliangukia ubavuni mwa kitanda cha baharia yule. Walikaa hivyo siku tisa. Hawakuwa na lugha moja. Walikuwa na maneno kama thelathini ambayo mgonjwa aliyaokota katika bandari mbalimbali, na vidole. Siku ya tatu akamwomba kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akachora nchi yake. Kisha akavuta kiatu kutoka chini ya kitanda, akakiweka juu ya mchoro, akamtazama mama. Mama alituambia kwamba hajawahi kufundishwa historia kwa ufupi namna ile.

Akamweleza pia bendera yao, ambayo wenye kiatu walikuwa wameipiga marufuku. Aligusa shuka: nyeupe. Akagusa pazia alilokuwa akilishona mama: ukanda wa kijani, chini. Kisha akachora duara la katikati, akanyoosha kidole dirishani. Mama akatazama, akaona ukuta wa dobi, ambao mwezi ule ulikuwa umetoka kupakwa rangi ya njano. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Mguuni pa kitanda palikuwa na kadi, na kwenye kadi, mahali pa uraia, paliandikwa jina la taifa kubwa lililoikalia nchi ile kwa majeshi. Baharia alikuwa akiionyesha kadi hiyo na kukataa kwa kichwa. Siku ya mwisho hakuwa na pumzi ya kukataa, akawa anaitazama tu. Mama akamwahidi kwamba ataisahihisha. Baharia alifariki Ijumaa ya tarehe 17 Machi 1978, akazikwa na hospitali. Kibao cha kaburi lake kiliandikwa kwa kunakili kadi.

Mama alishuka kwa karani wa kumbukumbu Jumatatu yake.

"Huyu marehemu umemwandika nchi siyo," alimwambia.

"Nimemwandika kama karatasi zake zinavyosema, dada."

"Karatasi zake wameziandika wao."

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliinuka, akamwonyesha orodha ya nchi iliyotundikwa ukutani, ndefu kutoka dari mpaka mezani. "Nitafutie humo. Ukiiona, naandika sasa hivi."

Mama akaisoma yote. Nchi ya baharia haikuwemo.

"Inaingiaje humu?" akauliza.

Karani akacheka. "Mpaka iwe huru, dada yangu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuwa amesoma kitabu chochote, wala hakuitwa na chama chochote. Alikuwa ameahidi kusahihisha mstari mmoja kwenye kadi, na akaambiwa kwamba kabla ya hapo ni lazima nchi nzima iachiwe.

Alishona bendera kwa shuka lililogeuzwa, mabaki ya pazia na duara la njano. Akashona na bango lenye jina la nchi kwa herufi za kitambaa. Jumatano ilikuwa siku yake ya nusu zamu. Tarehe 5 Aprili 1978, saa nane mchana, akasimama ng'ambo ya lango la ubalozi wa lile taifa kubwa. Mlinzi akavuka barabara kumfuata.

"Mama, kama ni viza, dirisha ni lile la pembeni."

"Sitaki kwenda kwao. Nataka wao watoke kule."

Mlinzi akalitazama bango, akalitazama jengo. "Watoke kwa sababu yako wewe?"

"Wewe andika tu kwenye kitabu chako kwamba nimekuja."

Akaandika. Saa kumi mama akakunja bendera, akarudi nyumbani kupika. Jumatano iliyofuata akarudi, na zilizofuata zote, isipokuwa za uzazi, za ugonjwa wetu na nyingine tutakazozitaja. Mlinzi alizoea kumtania kwamba anajisumbua bure, mapazia ya mle ndani hufungwa asubuhi na kufunguliwa akishaondoka. Mama alimjibu kwamba mapazia yale pindo lake limeshonwa ovyo, linaning'inia upande wa kushoto, na mtu akichungulia anaonekana. Mtaani wakampa jina la Mama Jumatano. Nyumbani nchi ile tuliiita Kule, na tulijua habari zake kabla ya kujua habari za mtaa wa pili. Redio ilisikilizwa asubuhi na jioni. Aliandika barua kwa magazeti, kwa mawaziri, kwa maaskofu na masheikh, kwa mabaraza ya mbali. Majibu yaliyokuja yaliingia yote kwenye bahasha moja, na bahasha haikujaa.

Kulikuwa na gharama, na si yeye peke yake aliyeilipa. Mwaka 1989 mkuu wa taifa lile alipokuja kwa ziara, mama alichukuliwa kituoni asubuhi na kuachiwa jioni. Hospitali ikamvua usimamizi wa chumba cha ushonaji aliokuwa amepewa mwaka mmoja tu kabla, na hakurudishiwa. Kaka yetu mkubwa aliitwa shuleni Mwana wa Bendera. Siku moja, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa akipita na wenzake mama akaja mbele yao amelowa mvua, bango kwapani. Kaka akavuka barabara. Mama akaona. Jioni ile alimshushia pindo la suruali, maana alikuwa amerefuka. Kaka ametaka jambo hili lisomwe mbele yenu.

Ni yeye pia aliyemwambia, akiwa mtu mzima na fundi wa lifti mwenye watoto wake, kwamba ana familia inayomhitaji hapa, na anawalilia watu wasiojua hata kama yupo. Mama aliendelea kutia uzi kwenye sindano.

"Yupo mmoja aliyejua," alisema.

Jumatano ya tarehe 11 Juni 1997 teksi ilisimama mbele ya lango lile, akashuka mwanamke wa makamo pamoja na mkalimani wake. Alikuwa mwalimu aliyeishi uhamishoni, amekuja kwenye mkutano wa walimu, na alikuwa ameliona jina la nchi yake likiwa limeshonwa kwa kitambaa katika mji ambao hakuna aliyewahi kulitamka. Baada ya baharia, huyu alikuwa mtu wa pili wa Kule ambaye mama alimwona kwa macho yake. Mwalimu alimshika mikono, akalia. Kisha akaitazama bendera, akauliza ni ya nani.

"Yenu," mama alisema.

Mkalimani akasita kidogo kabla ya kutafsiri jibu la mwalimu. Duara la katikati, alisema mwalimu, ni la bluu. Ni ziwa lao. Hawana jua kwenye bendera.

 Mlinzi anasema alimwona mama akigeuza uso, akaangalia juu, kule ambako hakuna jengo. Alikumbuka kidole kimenyooshwa dirishani. Mgonjwa alikuwa akimwonyesha mbingu, na yeye aliangalia ukuta, kwa sababu ulikuwa ukuta wa kazini kwake na rangi ilikuwa mbichi. Hata picha pekee ya bendera ile aliyowahi kuiona gazetini haikumsaidia, ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe.

Mwalimu alimwambia kwamba haidhuru. Mama alisema inadhuru. Jioni hiyo, mezani jikoni, baba akashika kitambaa kimekazwa, naye mama akafumua duara, tundu kwa tundu. "Miaka kumi na tisa," alimwambia baba, "nimesimama barabarani na ukuta wa dobi." Baba akacheka, kisha akaona kwamba mama hacheki, akaacha. Jumatano iliyofuata duara lilikuwa la bluu. Wapita njia waliomzoea walimuuliza kama amebadilisha nchi.

Mwalimu yule aliandika barua tatu. Ya mwisho ilifika Septemba 1999, ikisema anarudi nyumbani kwa siri. Mwezi uliofuata redio ilisema watu wamepigwa risasi mbele ya shule katika mji wake. Mama aliandika barua saba zaidi kwenye anwani ileile. Hakuna iliyojibiwa, na hakuna iliyorudi.

Tarehe 14 Oktoba 2009 baba yetu alianguka uani. Ilikuwa Jumatano, saa tisa mchana, na mama alikuwa ameshika bendera. Alipofika, baba alikuwa ameshafunikwa. Hatuwezi kusoma maisha ya mama yetu na kuliruka hilo, kwa kuwa tulimlaumu, na tulimlaumu kwa sauti. Hakujitetea. Jumatano iliyofuata hakwenda, na iliyofuata hakwenda. Alikaa wiki kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili alivaa koti la baba, likampwaya mabegani, akaenda. Alipoulizwa na mdogo wake kwa nini amerudi, alisema kwamba kukaa ndani hakukumrudisha mzee, na kule Kule hakuna aliyepumzishwa kwa sababu yeye ana msiba.

Orodha ya nchi ilibadilishwa mara nne tangu 1978. Kila ilipotundikwa mpya, mama alishuka ofisi ya kumbukumbu kuisoma. Nchi nyingine ziliingia, na alizifurahia kwa dhati, kama anayefurahia harusi ya jirani. Baadaye orodha iliingizwa kwenye kompyuta. Karani mpya, binti mpole, alimkalisha kwenye kiti chake akamwonyesha namna ya kuiteremsha kwenye kioo. Mama akaiteremsha polepole mpaka chini kabisa, mpaka ikakataa kwenda. Akashukuru, akaondoka. Mpaka leo tunapomzika, mstari ule haujasahihishwa.

Alianza kuvimba miguu Julai 2022. Madaktari walisema moyo umetanuka. Akaanza kwenda na kiti cha kukunja, jambo alilolionea aibu sana, akawa anakificha nyuma ya gauni. Walinzi watano walikuwa wamestaafu lango lile, na wa sita alimletea maji. Mara ya mwisho kwenda ilikuwa tarehe 30 Agosti 2023. Alidumu nusu saa, akapelekwa nyumbani kwa gari la mtu asiyemfahamu. Tarehe 6 Februari 2024 alilazwa katika hospitali aliyoitumikia miaka thelathini na saba. Alilipapasa shuka, akatuambia kwamba sasa wananunua mapya tu, hawageuzi tena.

Alifariki Alhamisi ya tarehe 7 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotupikia, na makarani wa kumbukumbu, wa zamani na wa sasa.

Marehemu ameacha watoto wanne: fundi wa lifti, mwalimu wa chekechea, dereva wa lori na kitinda mimba wake aliyerithi cherehani. Ameacha wakwe watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na mdogo wake wa kike ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya sita. Tumemtaja kati ya wafiwa pia mzee aliyekuwa mlinzi wa kwanza wa lango lile, aliyekuja leo kwa mkongojo. Na kama yule mwalimu yu hai popote, basi na yeye amefiwa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu, ampe mahali pa kukaa, kwa kuwa amesimama sana.

Limebaki moja, ambalo kaka yetu mkubwa ameomba liandikwe mwisho. Jumatano ile, siku moja kabla hajafariki, kaka alifika wodini moja kwa moja kutoka kazini, grisi ikiwa bado kwenye kucha. Sisi wengine tulikuwa tumeisikiliza redio asubuhi ile, haikuwa na habari yoyote ya Kule, tukaizima kwa kuwa ilimchosha mama. Kaka akapiga magoti karibu na mto. Akamwambia mama kwamba imetangazwa asubuhi hii: majeshi yanaondoka, Kule wamepata uhuru wao, watu wamejaa barabarani mpaka magari hayapiti. Alisema yote bila kukwama, mtu ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kulitamka jina la nchi ile, na safari hii akalitamka lote, sawasawa, kama linavyotamkwa na wenyewe.

Mama alimtazama muda mrefu. Akamshika kidole kimoja, kwa kuwa mkono mzima ulikuwa mzito kwake. Aliongea kwa sauti ndogo kiasi kwamba tuliokuwa upande wa pili wa kitanda ilibidi tuiname.

"Bado, baba," alisema. "Hebu sema tena."